Figo, kibofu na safari ya mkojo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara kliniki, maabara na kwenye maduka ya dawa. Tumeanza na viungo vyenyewe, maana makosa mengi huzaliwa hapo: mtu anameza antibayotiki kwa maumivu ya mgongo, mwingine anaona damu kwenye mkojo na kuipuuza kwa kuwa hasikii maumivu yoyote.

Mfumo wa mkojo una viungo gani?

Figo mbili, ureta mbili, kibofu kimoja na mrija mmoja wa mkojo. Figo hutengeneza mkojo, ureta huusafirisha, kibofu huuhifadhi, mrija wa mkojo huutoa nje. Wapo wanaoita ureta "mirija ya mkojo" pia, ndipo mkanganyiko unapoanza. Hapa tukisema mrija wa mkojo tunamaanisha njia ya mwisho tu, ile itokayo kibofuni kwenda nje.

Figo ziko wapi hasa? Kiuno kinaniuma, je ni figo?

Shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa nyuma, kisha pandisha gumba mpaka liguse ubavu wa mwisho. Figo ziko hapo ndani, moja kila upande wa uti wa mgongo, nyuma ya utumbo, na sehemu yake ya juu imefunikwa na mbavu za 11 na 12. Ya kulia hukaa chini kidogo kwa sababu ini limechukua nafasi juu yake. Kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12, uzito wa gramu 120 hadi 170, na umbo la punje ya harage.

Kwa hiyo maumivu ya kiunoni chini, karibu na makalio, yanayozidi ukiinama au ukinyanyua ndoo na kupungua ukilala vizuri, kwa kawaida ni ya misuli au pingili za mgongo. Maumivu ya figo huwa juu zaidi, ubavuni, mara nyingi upande mmoja, na hayabadiliki sana hata ukigeuka vipi. Yakiambatana na homa, kutetemeka na kutapika, figo inaweza kuwa imeshambuliwa na bakteria. Hilo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya jiwe yana tabia yake: huja kwa mawimbi, hushuka kuelekea kinenani, na mgonjwa hatulii, mara amekaa, mara amesimama, mara anajiviringisha.

Ugonjwa unaoharibu figo za watu wengi zaidi, ule unaotokana na presha na kisukari, hauumi kabisa. Mtu anayesubiri maumivu ndipo akapime figo atakuwa amechelewa kwa miaka.

Figo inachujaje damu?

Nunua figo ya mbuzi buchani uipasue kwa urefu. Utaona ukanda wa nje wenye wekundu uliokolea, sehemu ya ndani iliyofifia kidogo, na katikati uwazi mweupe uliozungukwa na mafuta. Ukanda wa nje ni gamba, ya ndani ni kiini, na uwazi ule ni beseni ambamo mkojo hukusanyika kabla ya kuingia kwenye ureta. Figo ya binadamu ina mpangilio huohuo, isipokuwa kiini cha mbuzi kimeungana kuwa tuta moja, na cha binadamu kimegawanyika katika piramidi 8 hadi 18.

Usichoweza kuona kwa macho ni nefroni, vichujio vyenyewe. Kila figo ina takriban milioni moja. Nefroni huanza na kishada cha mishipa midogo sana ya damu, glomerula, kilichokaa ndani ya kikombe. Kutoka kwenye kikombe unaanza mrija mwembamba unaojipinda, unashuka ndani ya kiini kama kitanzi, unapanda tena, kisha unamimina kwenye mfereji wa pamoja.

Damu inayofika kwenye figo zote mbili ni zaidi ya lita moja kila dakika, yaani karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ikipita kwenye glomerula kwa shinikizo, maji na vitu vidogo (chumvi, sukari, yurea, kreatinini) hupenya na kuingia kikombeni. Seli za damu na protini kubwa hubaki. Kiasi kinachopenya ni kama mililita 125 kwa dakika. Zidisha kwa siku nzima upate lita 180, yaani ndoo 9 za lita 20.

Bila shaka hukojoi ndoo 9. Figo haifanyi kazi kwa kuokota taka na kuacha vitu vizuri. Hufanya kinyume: humwaga karibu kila kitu, kama mtu anayekung'uta mkoba wote kitandani, kisha hurudisha vinavyohitajika. Sehemu ya kwanza ya mrija hurudisha kwenye damu karibu theluthi mbili ya maji na chumvi, pamoja na sukari yote. Kitanzi hukijaza kiini chumvi nyingi, na chumvi hiyo ndiyo baadaye huvuta maji kutoka kwenye mfereji wa pamoja. Mwishoni homoni huamua. Ukiwa na kiu, ubongo hutoa homoni ya kuzuia mkojo, mfereji unaruhusu maji yarudi mwilini, na mkojo unatoka kidogo na mzito. Ukinywa maji mengi, homoni hiyo inapungua na mkojo unatoka mwingi, mweupe. Kinachofika kibofuni ni lita 1 hadi 2 kwa siku.

Mbona mgonjwa wa kisukari hukojoa sana?

Kwa sababu uwezo wa kurudisha sukari una kikomo. Sukari ya damu ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, mirija hushindwa kuirudisha yote. Inayobaki huvuta maji na kwenda nayo, ndiyo maana mtu anakojoa sana na kiu haiishi. Sisimizi kujaa chooni kuna ukweli wake, lakini si kipimo: sukari inaweza kuwa juu na sisimizi wasionekane. Pima damu.

Figo zina kazi nyingine mbali na mkojo?

Zinazo, na ndizo zinazoeleza dalili za ugonjwa wa figo. Hutoa homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu, kwa hiyo figo zikichoka, damu hupungua hata kama mtu anakula vizuri, na vidonge vya madini ya chuma peke yake mara nyingi havitoshi. Hutoa renini, inayopandisha presha. Hukamilisha vitamini D ili mifupa ipate kalsiamu. Tena huondoa asidi na potasiamu, na potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo ghafla.

Ureta ni nini, na mawe hukwama wapi?

Ni mirija miwili ya misuli yenye urefu wa sentimita 25 hadi 30 na upana wa milimita 3 hadi 4. Mkojo hauteremki kwa uzito wake tu. Kuta za ureta hujikaza kwa mawimbi, mara moja hadi tano kwa dakika, zikisukuma matone kuelekea kibofuni, ndiyo maana hata ukilala mkojo unasafiri. Ureta huingia kibofuni kwa mshazari, hivyo kibofu kikijaa hujibana chenyewe mlango na mkojo haurudi juu. Kwa baadhi ya watoto mlango huu ni dhaifu tangu kuzaliwa: mkojo hurudi kwenye figo, na mtoto hupata maambukizi yenye homa mara kwa mara.

Jiwe hukwama sehemu tatu zilizo nyembamba: pale ureta inapoanza, pale inapovuka juu ya mishipa mikubwa iendayo miguuni, na pale inapoingia kibofuni, ambapo ndipo pembamba kuliko kote. Mawe mengi yasiyozidi milimita 5 hutoka yenyewe kwa maji, dawa ya maumivu na subira. Yanayozidi milimita 10 ni nadra kutoka bila msaada. Jiwe pamoja na homa ni dharura, maana usaha umefungiwa nyuma yake.

Kwa aliyewahi kupata jiwe, lengo ni kunywa kiasi cha kukojoa lita 2.5 kwa siku, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hiyo ni kunywa zaidi ya lita 3. Punguza chumvi. Mawe mengi ni ya kalsiamu na oksaleti, na mchicha una oksaleti nyingi, lakini usikimbilie kuacha maziwa: kalsiamu ya maziwa hukamata oksaleti utumboni kabla haijaingia kwenye damu. Anayeacha maziwa akaendelea na mchicha anajiongezea hatari.

Kibofu hubeba kiasi gani, na kubana mkojo kuna madhara?

Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 600, sawa na chupa ndogo ya maji. Hamu ya kwanza huja kwenye mililita 150 hadi 200, na kwa kawaida unaweza kusubiri. Kwa mtoto, chukua umri wake, ongeza 1, zidisha kwa 30: wa miaka 5 hubeba takriban mililita 180.

Shingo ya kibofu ina vibanio viwili vya misuli. Cha ndani hujiendesha chenyewe, cha nje unakitawala wewe. Kibofu kikijaa, neva hupeleka taarifa sehemu ya chini ya uti wa mgongo na kwenye ubongo. Ubongo ukiridhika kwamba mahali panafaa, ukuta wa kibofu hujikaza, vibanio vyote hulegea, na mkojo hutoka. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo au aliyepata kiharusi anaweza kupoteza mawasiliano hayo ingawa kibofu chenyewe ni kizima.

Kubana kwa sababu upo kwenye daladala hakutakupasua kibofu. Tatizo ni mazoea, hasa kwa wanafunzi wanaokwepa vyoo vya shule na madereva wa masafa: mkojo unaokaa saa nyingi huwapa bakteria muda wa kuzaana. Kinyume chake pia ni kosa. Anayekojoa "kwa akiba" kila nusu saa hukizoesha kibofu kupiga kelele kikiwa na kidogo tu. Kila saa 3 hadi 4 mchana ni wastani mzuri.

Kwa nini wanawake hupata UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) zaidi?

Pima umbali. Mrija wa mkojo wa mwanamke una sentimita 4 hivi, wa mwanamume karibu 20. Mlango wa mwanamke pia uko jirani na uke na njia ya haja kubwa, ambako anatoka *E. koli*, bakteria anayesababisha maambukizi mengi ya njia ya mkojo. Kwa hiyo jibu la swali maarufu kuhusu choo cha kushirikiana ni hili: bakteria wa UTI kwa kawaida hutoka kwenye utumbo wako mwenyewe. Choo kichafu kina madhara mengine mengi, ila si chanzo kikuu cha UTI.

Kinachosaidia ni kujifuta au kutawaza kutoka mbele kwenda nyuma, kukojoa baada ya tendo la ndoa, kunywa maji ya kutosha, na kuacha kuosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa, maana huua bakteria walinzi. Mwanamume kijana mwenye maumivu akikojoa na usaha unaotoka uumeni afikirie kwanza magonjwa ya zinaa, na mwenzi wake atibiwe pia.

Nimeambiwa nina "UTI sugu". Maana yake nini?

Mara nyingi maana yake ni kwamba kipimo hakikuchukuliwa vizuri. Chembe za usaha hadi 5 kwa kila uwanja wa darubini ni kawaida. Karatasi ya majibu ikiwa na chembe nyingi za ngozi, mkojo umechanganyika na uchafu wa nje na kipimo kirudiwe. Bakteria kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili kwa kawaida hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito na anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Kutibu karatasi badala ya mtu ndiko kunakozalisha bakteria wasiosikia dawa.

Dalili zikirudi kweli (mkojo kuchoma, kwenda chooni kila mara, maumivu juu ya kinena), omba mkojo uoteshwe. Majibu huchukua siku 2 hadi 3 na hutaja bakteria gani yupo na dawa gani inamuua. Uchukuliwe kabla ya kumeza dozi ya kwanza, la sivyo hakuna kitakachoota.

Mkojo wa kupima unachukuliwaje?

Hapa ndipo majibu mengi huharibika, kwa hiyo fuata hatua kwa hatua. Nawa mikono. Mwanamke atenganishe mashavu ya uke kwa vidole na kujisafisha kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma na kusafisha kichwa. Fungua kikopo bila kugusa ndani, na kifuniko kiweke kikiangalia juu. Anza kukojoa chooni, acha ule wa mwanzo uende zake kwa kuwa unasomba uchafu wa mlangoni. Bila kukata mkojo, ingiza kikopo katikati na kinga mililita 20 hadi 30. Unaobaki malizia chooni. Funika, andika jina na saa.

Ufike maabara ndani ya saa moja au mbili. Kikopo kilichokaa dirishani tangu asubuhi mpaka mchana kina bakteria waliozaliana humohumo, na kitakupa UTI usiyokuwa nayo. Ukishindwa kuwahi, kiweke kwenye friji, kisizidi saa 24.

Mkojo wa alfajiri ndio bora kwa UTI na protini, kwa sababu umekaa kibofuni. Kile kijiti cha rangi kinachochovywa kwenye mkojo hutafuta kemikali iitwayo naitraiti, na bakteria huhitaji kama saa 4 kuitengeneza, kwa hiyo mkojo uliokaa kibofuni nusu saa unaweza kuonekana msafi na usiwe msafi.

Kichocho kinapimwa kwa mkojo uleule wa alfajiri?

Hapana. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Chukua muda huo, na hapa tone la mwisho la mkojo lina thamani, kwa hiyo usiliache.

Minyoo ya kichocho hiki hukaa kwenye mishipa ya damu iliyozunguka kibofu. Mayai yake yana mwiba na hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo, ndiyo sababu ya damu, ambayo kwa kawaida huonekana mwishoni mwa kukojoa. Yanayonasa ukutani huacha makovu. Baada ya miaka makovu hayo huweza kuziba ureta, kuharibu figo, au kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai hunasa hata kwenye shingo ya kizazi na kuleta damu na maumivu yanayodhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na mara nyingi hutolewa mara moja baada ya kula. Haizuii kuambukizwa upya. Anayerudi kuoga kwenye bwawa au kijito chenye konokono wabeba vimelea ataupata tena. Unguja, Pemba na vijiji vingi vya pwani na bara vinaujua ugonjwa huu vizuri kiasi kwamba zamani kijana kukojoa damu kulionekana ni hatua ya kukua. Si kukua, ni ugonjwa.

Rangi ya mkojo inasema nini?

Rangi ya majani makavu iliyopauka ni nzuri. Njano iliyokolea kwa kawaida ni upungufu wa maji, si malaria. Malaria hupimwa kwa damu. Njano inayong'aa baada ya vidonge vya vitamini B ni vitamini yenyewe ikitoka. Chungwa kwa anayetumia dawa za TB ni rifampisini, na hata machozi hubadilika rangi, asiache dawa. Wekundu baada ya kula kiazisukari chekundu hupita ndani ya siku moja au mbili.

Rangi ya chai ya rangi au kola ni habari nyingine. Inaweza kuwa ini (tazama macho kama yana manjano), chembe nyekundu zinazopasuka kwa wingi kama kwenye malaria kali, au glomerula zilizovimba, ambazo kwa watoto hufuata wiki chache baada ya vidonda vya koo au ngozi, na uso huvimba asubuhi. Povu linalobaki kama la sabuni, kila siku, linaashiria protini. Damu bila maumivu kwa mtu aliyevuka miaka 40, hasa mvutaji sigara, ichunguzwe kwa saratani hata kama imetokea mara moja ikakoma.

Ninywe maji kiasi gani?

Kwa mtu mzima mwenye afya, vinywaji vyote pamoja (chai, uji na supu vimo) lita 2 hadi 2.5, na zaidi kwa anayelima au kubeba mizigo juani. Kunywa lita 5 "kusafisha figo" hakusafishi kitu, na kunywa nyingi kwa mpigo kunaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu akapata degedege. Mwenye moyo dhaifu au anayesafishwa damu hupewa kipimo chake na daktari.

Mtu wa kilo 60 anapaswa kukojoa angalau mililita 30 kwa saa. Mtoto anayeharisha ambaye hajakojoa kwa saa 6 hadi 8 apelekwe kituo cha afya.

Mzee anakojoa kwa shida, mkojo unakatika. Kulikoni?

Tezi dume huzunguka mrija wa mkojo chini tu ya kibofu. Kwa kijana ina gramu 20 hivi. Baada ya miaka 50 huvimba kwa wanaume wengi na kuubana mrija. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, unadondoka mwishoni, na mzee anaamka mara tatu nne usiku. Kuvimba huku si saratani, lakini dalili zinafanana, kwa hiyo apimwe.

Mkojo ukigoma kabisa huku tumbo la chini limejaa na linauma, ni dharura. Wakati mwingine kichochezi ni dawa za mafua za dukani, ambazo hukaza shingo ya kibofu. Atawekewa mpira wa mkojo. Nyumbani, mfuko wa mpira huo uwe chini ya kibofu muda wote, hata akitembea, na umwagwe ukifika theluthi mbili. Mpira haung'olewi kwa kuvutwa: ndani una puto la maji linaloushikilia, lazima litolewe maji kwanza.

Kwa nini mjamzito hupimwa mkojo kila kliniki?

Kwa mambo mawili. Homoni za ujauzito hulegeza ureta na mfuko wa uzazi huzikandamiza, hasa ya kulia, hivyo mkojo hutuama na bakteria hupanda hadi figo, jambo linaloweza kuleta uchungu kabla ya wakati. La pili ni protini: ikionekana pamoja na presha iliyopanda baada ya wiki 20, ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba.

Mkojo unavuja tu baada ya kujifungua. Ni kawaida?

Kuvuja kidogo ukicheka, ukikohoa au ukinyanyua mtoto kunatokana na misuli ya sakafu ya nyonga iliyolegea. Kaza misuli kama unayezuia upepo usitoke, hesabu hadi 5, legeza hadi 5, mara 10, mara tatu kwa siku. Usifanye zoezi hili katikati ya kukojoa. Matokeo huonekana baada ya wiki 6 hadi 12.

Kuvuja mfululizo, mchana na usiku, baada ya uchungu wa muda mrefu ni jambo tofauti: ni fistula. Kichwa cha mtoto kilikandamiza kibofu kwenye mfupa wa kinena mpaka nyama ikafa na kuacha tundu. Tundu dogo likigunduliwa mapema linaweza kufunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo wiki 4 hadi 6, mengine hushonwa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, imekuwa ikiwatibu wanawake hawa bila malipo. Si laana, wala si la kufichwa ndani.

Mtoto wangu ni kikojozi. Nifanyeje?

Akiwa na miaka 5, watoto takriban 15 kati ya 100 bado hukojoa kitandani, na idadi hupungua kila mwaka bila dawa. Analala fofofo, au homoni yake ya usiku bado haijakomaa, au choo kigumu kinakibana kibofu. Mpe vinywaji vingi mchana, vipungue baada ya magharibi, akojoe kabla ya kulala, usimchape wala kumwaibisha mbele ya wenzake. Aliyekauka kwa miezi 6 akaanza tena apimwe sukari na mkojo. Mwenye selimundu ana sababu ya kimwili: figo zake haziwezi kuukoleza mkojo, hivyo hutoka mwingi usiku. Huyo usimnyime maji kamwe.

Kreatinini yangu ni 100. Figo zipo salama?

Inategemea wewe ni nani. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mikromoli 100 kwa lita kwa kijana wa kiume wa miaka 25 ni uchujaji wa kama mililita 90 kwa dakika, mzuri. Namba hiyohiyo kwa bibi wa miaka 75 ni uchujaji wa kama 50, ugonjwa wa figo wa wastani ukidumu zaidi ya miezi 3. Uliza maabara ikupe eGFR, yaani makadirio ya uchujaji huo, si kreatinini peke yake. Mwenye presha au kisukari apime hiyo na protini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka.

Ni nini huharibu figo haraka?

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa wakati mtu anaharisha, anatapika au amefanya kazi juani bila maji. Mwili ukikauka, figo hupanua mishipa yake ili damu iendelee kufika. Dawa hizi huizuia isipanuke. Paracetamol kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo. Dawa za mitishamba zisizojulikana zina mchango pia, hasa zile za "kusafisha figo".

Figo zikifa kabisa, inakuwaje? Na mtu anaweza kuishi na moja?

Uchujaji ukishuka chini ya 15, mtu huweza kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida saa 4 kila mara, mara 3 kwa wiki, au kupandikizwa figo. Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini Tanzania mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walikwenda India.

Figo moja nzima inatosha. Aliyetoa moja, iliyobaki hukua na kuongeza kazi ndani ya miezi michache. Anayepokea naye hatolewi zake za zamani isipokuwa zina usaha au uvimbe mkubwa. Mpya hupachikwa mbele, chini ya tumbo upande wa nyonga, mishipa yake huunganishwa na ile mikubwa iendayo mguuni, na ureta yake fupi hushonwa kibofuni. Kwa hiyo mtu aliyepandikizwa kwa kawaida anatembea na figo tatu, na ile inayofanya kazi anaweza kuigusa kwa mkono chini ya ngozi.